Volkano ya Zuhura: picha zilipigwa 1991, jibu likaja 2023

Jioni, kabla giza halijaingia vizuri, kuko miezi ambapo wakaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira wanaona upande wa magharibi kitu chenye kuangaza kuliko nyota zote. Miezi mingine kinahamia mashariki, na mama anayeamka mapema kwenda shambani anakikuta kiko juu ya milima, kinamngoja. Wengi wanakiita nyota ya asubuhi. Haiko nyota. Ni sayari, jirani wa Dunia yetu, na kwa Kiswahili jina lake ni Zuhura. Kwenye masomo wanafunzi wanaijua kama Vénus.

Kwa ukubwa, Zuhura na Dunia ni kama mapacha. Ukipima kutoka upande mmoja hadi mwingine kupitia katikati, Zuhura iko na kilomita 12,104, Dunia 12,742. Ikiwa karibu kabisa nasi, umbali ni kilomita milioni 40 hivi. Hakuna sayari ingine inayotukaribia vile. Na bado, wakati inchi nyingi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru, hakuna mtu hata mmoja duniani aliyeweza kusema uso wa Zuhura uko namna gani.

Sababu ni mawingu. Zuhura imefunikwa mzima, mchana na usiku, bila hata tundu dogo. Mawingu yenyewe hayako ya maji ya mvua: ni matone ya asidi ya salfa, ile inayotiwa ndani ya betri za magari. Yanarudisha mwangaza wa jua kwa nguvu, na ndiyo maana sayari inaangaza vile. Kile kinachotufurahisha jioni ndicho kile kile kinachotuzuia kuona chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa hata wanasayansi wenye heshima zao waliofikiri kwamba chini ya mawingu hayo kuko mabwawa na misitu ya joto, pengine na wanyama.

Mwezi wa tatu 2023, watafiti wawili wa Marekani walitangaza katika jarida Science kwamba volkano moja ya Zuhura ilibadilika sura ndani ya miezi minane. Kwa mara ya kwanza mtu alionyesha, kwa picha mbili za fasi moja, kwamba volkano za jirani yetu hazijakufa. Lakini picha zenyewe zilipigwa mwaka wa 1991. Zilikaa kwenye akiba zaidi ya miaka 30, na jibu lilikuwa ndani yake wakati wote huo.

Kamera ya kawaida haisaidii kitu

Tuanze na shida yenyewe. Mtu akitaka kupiga picha ya Mars kutoka juu, anatuma kamera nzuri, anangoja vumbi litulie, anapiga. Kwa Zuhura, kamera kama hiyo itaonyesha mawingu ya manjano, basi.

Kutua chini? Warusi walijaribu, wakati wa Muungano wa Kisovieti, na walifaulu kuliko mtu yeyote. Mwezi wa kumi 1975, vyombo vyao Venera 9 na Venera 10 vilituma picha za kwanza kutoka kwenye ardhi ya Zuhura. Mwezi wa tatu 1982, Venera 13 na 14 zilituma picha za rangi: mawe bapa, udongo, anga lenye rangi ya chungwa. Venera 13 iliishi dakika 127, halafu ikanyamaza. Na hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia, kwa sababu joto la pale linafikia digrii 465, risasi inayeyuka kama mafuta. Uzito wa hewa ni mara 90 na zaidi kuliko wa hapa kwetu. Ili kupata msukumo kama huo ungepashwa kushuka karibu mita 900 ndani ya Ziwa Tanganyika.

Hewa yenyewe karibu yote ni gesi ya kaboni, ile ile inayotoka ardhini pembeni ya Goma na Sake na kujikusanya kwenye mabonde madogo, ile ambayo wakaaji wanaita mazuku na ambayo inaua mbuzi na watu waliolala chini. Zuhura ni mazuku moja kubwa, kutoka ncha hadi ncha.

Picha za Venera zilionyesha fasi chache tu, kila moja na upana wa uwanja mdogo. Ni kama mgeni anayeteremka kwa dakika mbili pembeni ya barabara ya Rutshuru kisha anataka kueleza Kongo nzima. Kujua milima, mabonde na volkano za sayari nzima kulihitaji njia ingine: kukaa juu, kuzunguka, na kuona kupitia mawingu.

Kelele na mwangwi

Njia hiyo ni rada, na rada ni redio. Mawimbi yake ni ndugu ya yale yanayoleta matangazo nyumbani kwako. Wimbi la FM liko na urefu wa karibu mita 3. Wimbi ambalo Wamarekani walitumia kwa Zuhura lilikuwa la sentimita 12.6. Kwa wimbi kama hilo, tone la wingu ni kitu kidogo mno. Linapita bila kujali, sawa vile redio yako inavyoendelea kusema hata ukungu ukifunika Masisi yote.

Simama usiku kwenye kilima, upige kelele upande wa bonde. Sauti inagonga kilima cha ngambo na inarudi. Ukihesabu muda wa kurudi, unajua kilima kiko mbali kiasi gani. Rada inafanya hivyo hivyo: inatuma pigo fupi la redio, inasikiliza mwangwi, inatuma lingine, maelfu kwa sekunde moja. Mwangwi unaorudi mapema unatoka karibu, unaochelewa unatoka mbali.

Lakini hiyo peke yake haitoshi. Fasi nyingi ziko kwenye umbali ule ule kutoka kwa chombo, na mwangwi wao unarudi pamoja. Ndiyo maana rada haielekezwi chini moja kwa moja; inaangalia pembeni, ili kushoto na kulia visichanganyike. Kisha kuko hila ya pili. Umesikia moto inayokuja kwa mbio barabarani: inapokukaribia mlio uko juu, ikikupita mlio unashuka. Chombo kinachozunguka sayari kiko kwenye mbio sana, kwa hiyo mwangwi wa fasi zilizo mbele yake unarudi na mlio wa juu kidogo, na wa zile za nyuma na mlio wa chini. Kwa kuchanganya vitu viwili, muda na mlio, kompyuta inaweza kujua kila mwangwi ulitoka kwenye nukta gani ya ardhi, na kuiweka kwenye picha.

Faida yake ni kubwa. Ili kuona vitu vya mita mia moja hivi kutoka mamia ya kilomita juu kwa mawimbi ya redio, ungehitaji antena yenye urefu wa mamia ya mita. Hakuna roketi inayoweza kubeba mzigo huo. Kumbe chombo kinachotembea na kukusanya mwangwi njiani kinaweza kufanya antena yake ndogo itende kazi kama kubwa. Kila hatua ya safari inakuwa kipande cha antena.

Chombo kilichotengenezwa kwa mabaki

Wamarekani walikuwa wamepanga kwanza chombo kikubwa cha rada kwa ajili ya Zuhura, lakini mwaka wa 1982 kikafutwa kwa sababu ya bei. Mahali pake pakaja mpango mdogo uliopewa jina la Magellan, baharia Mreno wa zamani. Ili kupunguza gharama, wahandisi walichukua vitu vilivyobaki kutoka misheni zingine. Antena yake ya duara, ya mita 3.7, ilikuwa ya akiba kutoka mpango wa Voyager. Mtu yeyote aliyewahi kurudisha gari barabarani kwa pièces za gari lingine anaelewa kazi hiyo.

Magellan iliondoka tarehe 4 mwezi wa tano 1989, ndani ya chombo Atlantis, na kufika Zuhura tarehe 10 mwezi wa nane 1990. Siku sita baadaye ikanyamaza. Kwa saa nyingi hakuna aliyejua kama iko nzima. Ikarudi, ikapotea tena baada ya siku chache, ikarudi tena. Mwezi wa tisa ikaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wa kuchosha, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Chombo kilizunguka sayari kwa njia ya yai, kikipita karibu na ncha zote mbili, kila mzunguko kwa saa tatu na robo. Kikiwa karibu, kilomita mia tatu hivi juu ya ardhi, kiligeuza antena upande wa Zuhura na kupiga rada kwa dakika 37. Katika dakika hizo kilipata picha ya utepe mmoja: upana wa kilomita 20 hadi 25, urefu wa kilomita 16,000 hivi. Wachunguzi waliziita tambi. Kikienda mbali, kilegeuza antena ile ile upande wa Dunia na kutuma kile kilichoandika kwenye utepe wa kurekodia. Halafu kinageuka tena. Antena moja kwa kazi mbili, siku nenda siku rudi, maelfu ya mara.

Zuhura inajizungusha polepole sana. Mzunguko wake mmoja unachukua siku 243 za kwetu. Kwa hiyo Magellan haikupashwa kuzunguka huku na huku. Ilikaa kwenye njia yake, na sayari ikapita chini yake pole pole, tambi baada ya tambi. Baada ya siku 243 za kwanza, sehemu 84 kati ya 100 za uso zilikuwa zimepigwa. Mwishoni mwa duru tatu, zilikuwa 98. Kabla yake, Venera 15 na 16 za Wasovieti, mwaka wa 1983, zilikuwa zimepima kwa rada upande wa kaskazini, lakini hazikuona kitu chenye upana chini ya kilomita moja. Magellan iliona vitu vya mita 120 hivi.

Kusoma picha isiyo na rangi

Jambo moja ni lazima lielezwe, kwa sababu picha nyingi za Zuhura zinazozunguka mu WhatsApp zinadanganya macho. Rada haioni rangi. Haioni hata kivuli cha jua. Inaona mwangwi: fasi inayorudisha mwangwi mwingi inakuwa nyeupe, inayorudisha kidogo inakuwa nyeusi. Ardhi laini ni kama kioo; pigo linagonga na kukimbilia upande mwingine, hakuna kinachorudi. Ziwa Kivu likitulia, kwenye picha ya rada ni doa jeusi. Ardhi yenye mawe makali inatawanya pigo pande zote, na sehemu inarudi kwa chombo. Mtu aliyejaribu kutembea bila viatu juu ya mawe ya lava pale Goma hahitaji maelezo zaidi. Mawe hayo, kwa rada, ni meupe.

Ile rangi ya chungwa kali inayoonekana kwenye picha maarufu za Zuhura iliongezwa baadaye kwenye kompyuta, kufuata rangi ambazo vyombo vya Venera viliona. Na milima iliyochongoka kama sindano? Pia ni kazi ya kompyuta: kwenye picha nyingi urefu uliongezwa mara 10 na hata zaidi ili macho yaone vizuri. Volkano ya Maat, ambayo tutaifikia, kwenye picha hizo inafanana na pembe ya ng'ombe. Kwa kweli ni mlima mpana sana wenye mteremko wa pole, unaopanda karibu kilomita 8.

Hata bila marembo hayo, kile Magellan ilichoonyesha kilitosha kushangaza. Zaidi ya robo tatu ya Zuhura ni uwanda wa lava. Kuko volkano kubwa na ndogo kila upande. Kuko vilima vya duara, bapa juu, vyenye upana wa kilomita 25 hivi na urefu usiofika kilomita moja, vimepangana sawa bugali iliyogeuzwa kwenye sahani. Huenda lava yake ilikuwa nzito, haikuweza kukimbia. Na kuko kinyume chake: mfereji unaoitwa Baltis Vallis, uliochimbwa na lava nyepesi, wenye urefu wa kilomita 6,800 hivi. Mto Kongo, kutoka chanzo hadi bahari, ni kilomita 4,700.

Mashimo ya vimondo yalikuwa machache, karibu elfu moja tu kwa sayari nzima, na yametawanyika bila fasi moja kuzidi ingine. Vimondo vidogo havifiki chini. Hewa nzito inavivunja njiani. Lakini uchache wa mashimo makubwa unasema kitu kingine: uso wa sayari ni mpya, wa miaka milioni mamia chache. Kuko kitu kilichofunika ule wa zamani, na kitu hicho ni lava. Swali likabaki pale: kazi hiyo iliisha zamani, ao bado inaendelea?

Kwa njia, fasi za Zuhura zinapewa majina ya wanawake na ya miungu wa kike, ila chache tu zilizopewa majina kabla ya kanuni hiyo, kama milima ya Maxwell, mirefu kuliko yote. Maat ni mungu wa ukweli wa Misri ya zamani. Na kuko mlima mmoja unaoitwa Mbokomu, jina kutoka kwa simulizi za Wangbandi wa hapa kwetu Kongo.

Tundu lililobadilika

Turudi kwa wale watafiti wawili. Robert Herrick ni wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks. Scott Hensley ni mtaalamu wa rada kwenye maabara ya NASA inayoitwa JPL, huko California. Data za Magellan zilikuwa wazi kwa kila mtu tangu zamani. Kwa nini hakuna aliyeona?

Kwa sababu kulinganisha picha mbili za rada ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Katika duru ya kwanza Magellan iliangalia upande wa kushoto, katika ya pili upande wa kulia. Kilima kilichokuwa cheupe upande huu kinakuwa cheusi upande ule. Ni kama kumulika sura ya mtu kwa tochi kutoka sikio la kushoto, kisha kutoka la kulia: utaapa ni watu wawili. Tena, miaka ya 1990 kompyuta za kawaida hazikuweza kufungua picha kubwa vile, kukuza hapa na pale, na kuzipanga moja juu ya ingine.

Herrick alikaa karibu saa 200 mbele ya kompyuta, akilinganisha kwa macho yake fasi ambazo volkano zilitazamiwa kuwa hai. Karibu na mlima wa Maat akakuta tundu la volkano. Mwezi wa pili 1991 lilikuwa la duara, lenye eneo la kilomita za mraba 2.2, na kuta zake zimesimama. Kwa kulinganisha, mdomo wa Nyiragongo uko na upana wa kilomita 1.2 hivi, tundu hilo ni kama mara mbili yake kwa eneo. Mwezi wa kumi 1991, tundu lile lile lilikuwa limepanuka hadi karibu kilomita za mraba 4, limepoteza duara yake, na lilionekana kujaa karibu hadi juu, sawa vile ziwa la lava.

Je, haikuwa udanganyifu wa pembe? Hapo ndipo kazi ya Hensley iliingia. Walitengeneza kwenye kompyuta sura mbalimbali za tundu, wakazimulika kwa rada ya kubuni kutoka pande zote mbili, wakaona ni sura gani inatoa picha kama zile za kweli. Hakuna njia ambayo tundu la mwezi wa pili lingeweza kuonekana kama la mwezi wa kumi bila kubadilika lenyewe. Pembeni yake waliona pia kitu kama mkondo mpya wa lava unaoteremka, lakini juu ya huo walijizuia: huenda ulikuwepo tangu mwanzo na haukuonekana tu kwa sababu ya pembe. Unyofu huo ndio unaofanya sehemu ile ingine iaminike.

Walikuwa wameangalia karibu sehemu moja na nusu tu kati ya 100 za uso wa sayari. Mwaka uliofuata, 2024, watafiti wa Italia wakiongozwa na Davide Sulcanese walirudi kwenye data zile zile na kuonyesha fasi mbili zingine, kwenye mlima wa Sif na kwenye uwanda wa Niobe, ambako mwangwi uliongezeka kati ya 1990 na 1992 kwa namna ambayo lava mpya inaeleza vizuri.

Na Nyiragongo?

Msomaji wa Goma anaweza kuuliza: hayo yote yananihusu nini, wakati volkano yangu iko hapa, naona mwangaza wake usiku? Yanamhusu, kwa sababu rada ya aina hiyo inapita juu ya kichwa chake.

Nyiragongo na Nyamulagira, kama Zuhura, ziko mara nyingi chini ya mawingu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1994, wakati inchi bado ilikuwa Zaïre na kambi za wakimbizi zimejaa Kivu, chombo Endeavour cha Wamarekani kilipita juu na rada yake na kupiga picha ya safu yote ya Virunga, kupitia mawingu na msitu. Mikondo ya lava ya Nyamulagira ilionekana pale wazi. Mwezi huo huo wa kumi 1994, mbali kule, Magellan iliteremshwa makusudi ndani ya hewa ya Zuhura, na ikakwisha.

Tangu wakati huo rada imejifunza kitu ambacho Magellan haikuweza. Satelaiti ikirudi kwenye njia ile ile na kulinganisha mawimbi ya mara mbili, inaweza kuona ardhi ikipanda ao kushuka kwa sentimita chache tu. Volkano inapojaa, ardhi inavimba. Magma inapopita njia chini ya ardhi, ardhi inapasuka na kufunguka.

Ndivyo ilivyoonekana mwaka wa 2021. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano, Nyiragongo ilipasuka upande wake, na lava ikateremka hadi kwenye milango ya Goma. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika, nyufa zikakata barabara na nyumba, na tarehe 27 sehemu kubwa ya wakaaji wakaamriwa kuondoka. Wakatembea upande wa Sake, wengine Rwanda, wengine kwa boti hadi Bukavu. Picha za rada, kati yake zile za satelaiti Sentinel-1 ya Ulaya, zilisaidia kueleza kilichokuwa kinatokea: magma ilikuwa imepita chini ya mji wenyewe, hadi chini ya Ziwa Kivu, bila kutoka nje.

Lakini rada haikuonya. Dalili ambazo vyombo vya kupima tetemeko viliandika kabla ya mlipuko zilianza chini ya saa moja mbele yake. Satelaiti inayorudi kila baada ya siku 12 inaweza kupita leo na kukuta kila kitu sawa, kisha mlima ukapasuka kesho yake. Ndiyo maana wanasayansi hawawezi kuacha vyombo vya chini, vile ambavyo kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kinapaswa kulinda dhidi ya wizi, vita na ukosefu wa mafuta. Picha kutoka juu ni jicho la pili. Haiko saa ya kengele.

Kwa Zuhura, hata jicho hilo moja halipo leo. Vyombo vilivyofuata Magellan, kama Venus Express ya Ulaya na Akatsuki ya Japani, vilichunguza zaidi hewa na mawingu. Mwaka wa 2021 NASA ilichagua chombo kipya cha rada, VERITAS, kinachoongozwa na Suzanne Smrekar, na shirika la anga la Ulaya likachagua kingine, EnVision. VERITAS itaweza kulinganisha mawimbi kama wanavyofanya juu ya Nyiragongo, ili kuona kama ardhi ya Zuhura inasogea. Herrick yuko kwenye kikundi chake. Kutokana na shida za pesa na wafanyakazi, safari yake ilisogezwa. Haitaondoka kabla ya mwaka wa 2031.